Kutafuta mtoto kwa fedha za mfukoni Dar: ulipie nini kwanza

Fungua bahasha ya vipimo ya mwanamke anayetafuta mtoto hapa mjini. Mara nyingi utakuta altrasaundi kadhaa, vipimo vya homoni vya maabara tofauti tofauti na risiti za dawa za kusafisha kizazi, lakini ya mume hakuna hata karatasi moja. Fedha nyingi zinapotelea hapo. Kwa hiyo vipimo na tiba za kutafuta mtoto sikuvipanga kwa ukubwa wa hospitali wala upya wa mashine. Nimevipanga kwa kuuliza shilingi yako itakupa jibu gani, au itakusogeza kiasi gani kwenye mimba. Anayelipa mwenyewe akikosea mpangilio, akiba ya nyumba inaondoka, na wengine wameshauza kiwanja.

Kama mwanamke hajafika miaka 35 na hedhi yake inakuja kwa mpangilio, jipeni mwaka mmoja wa kukutana kila baada ya siku mbili au tatu. Wenza wapatao 85 kati ya 100 hupata mimba ndani ya muda huo bila kulipa chochote. Akishafika 35, msingoje zaidi ya miezi sita. Kama hedhi inapotea kwa miezi, au aliwahi kuugua maambukizi ya nyonga, nendeni sasa. Wakati wote huo anywe asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku. Ni ya bei ndogo na inamkinga mtoto.

Nafasi ya kwanza naipa kipimo cha mbegu za mume, na sioni cha kushindana nacho. Karibu nusu ya wenza wanaohangaika, upande wa mwanaume una mchango wake. Kipimo ni kimoja, hakiumi, na gharama yake ni sehemu ndogo sana ya mengine yote humu. Akae siku mbili hadi saba bila kutoa mbegu, kisha sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Kwa foleni za Mbagala au Kimara, asijaribu kuibeba kutoka nyumbani, aitolee hapo hapo maabara. Majibu yasiishie kwenye neno "nzuri" au "dhaifu". Yataje ujazo, idadi, mwendo na umbo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka kiwango cha chini cha marejeo kwenye mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na 42 kati ya 100 ziwe zinatembea. Yakiwa mabaya, msilie bado. Mbegu huchukua miezi miwili na nusu hivi kutengenezwa, kwa hiyo homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuonekana leo. Rudieni baada ya miezi mitatu. Na kaka anayechoma sindano za testosteroni kwa ajili ya misuli amwambie daktari, kwa sababu zinaweza kuzima utengenezaji wa mbegu.

Najua ugumu wa kumwambia mume. Mama mkwe anauliza, mawifi wanasema, na lawama zote ziko kwa mke. Ndiyo maana nasema nendeni wote wawili siku ya kwanza, kliniki ya wanawake ya hospitali ya Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, na mume apewe fomu yake pale pale.

Ya pili ni HSG, yaani eksirei ya mirija ya uzazi inayopigwa baada ya kuingiza dawa kwenye kizazi ili kuona kama iko wazi. Klamidia na kisonono huweza kuziba mirija bila mtu kuumwa hata siku moja, na maambukizi baada ya kujifungua au mimba kutoka hufanya vivyo hivyo. Hufanyika hedhi ikishakata, kabla yai halijapevuka. Inauma, kwa hiyo ombeni dawa ya maumivu mapema. Ulizeni pia dawa ya kupigia picha ni ya maji au ya mafuta. Utafiti wa Uholanzi uliotoka 2017, wenye wanawake zaidi ya 1,100, ulionyesha kwamba ndani ya miezi sita karibu 40 kati ya 100 waliopigwa picha kwa dawa ya mafuta walipata mimba iliyoendelea, dhidi ya 29 wa dawa ya maji. Kipimo kikikupa jibu na kukuongezea nafasi kwa pamoja, hiyo fedha imetumika.

Vidonge vya kupevusha mayai vinashika nafasi ya tatu, na kwa mwenye hedhi isiyotabirika ndiyo tiba yenye thamani kuliko zote. Wengi wanaijua klomifeni kwa jina la Clomid. Kwa wenye vivimbe vidogo vingi kwenye ovari, mimi ningeulizia letrozoli kwanza. Utafiti wa Marekani wa 2014 ulipata watoto kwa wanawake 27.5 kati ya 100 waliotumia letrozoli, na 19.1 kwa klomifeni. Msivinunue wenyewe famasi. Mirija ikiwa imeziba, vidonge ni fedha ya kutupa, na bila altrasaundi ya kufuatilia hamtajua yai limekua au yamekua matatu. Mizunguko sita ikipita bila kitu, badilisheni njia.

Nitaje pia kipimo cha AMH, homoni inayoashiria akiba ya mayai, kinachouzwa sana siku hizi. Kinasaidia kukadiria ovari zitakavyoitikia sindano za IVF, yaani kurutubisha yai maabara kisha kulirudisha kwenye kizazi. Hakisemi kama utashika mimba kwa njia ya kawaida. Kama hamjafika huko, kiacheni.

Operesheni ya kutoa uvimbe wa kizazi naiweka ya nne, kwa masharti. Si kila uvimbe wa kizazi unazuia mimba. Unaojitokeza ndani ya nafasi ya mji wa mimba ndio wa kuhangaikia zaidi. Ya tano ni kupandikiza mbegu ndani ya kizazi. Kila jaribio lina nafasi ya takriban 10 hadi 15 kati ya 100, na lazima mrija mmoja uwe wazi. Dada wa miaka 38 ningemwomba asimalize akiba yake hapo.

Dawa za kusafisha kizazi na kuzibua mirija zinazouzwa kwa WhatsApp sizipi nafasi yoyote. Hakuna cha kunywa kinachofungua mrija wenye kovu, na vya kuweka ukeni vinaweza kuleta maambukizi mapya.

IVF nimeiweka ya sita kwa sababu ya bei tu, maana hapo hesabu ni ya mamilioni mengi ya shilingi. Kwa mirija yote miwili iliyoziba, au mbegu chache mno, inaruka hadi ya kwanza, na hapo msipoteze mwaka kwenye vidonge. Huna haja ya kupanda ndege kwenda India, maana huduma hii ipo Dar, na Kairuki wana kituo Bunju. Umri ndio unaoamua. Takwimu za Uingereza zinaonyesha kiinitete (yai lililorutubishwa) kimoja kati ya vitatu vinavyorudishwa kizazini huleta mtoto kwa walio chini ya miaka 35. Kwa miaka 43 ni kama kimoja kati ya 20. Mrija uliojaa maji utolewe au ufungwe kwanza, kwa sababu huikata nafasi ya IVF karibu nusu. Mkiambiwa mlipie kukwaruza ukuta wa kizazi, kataeni. Utafiti mkubwa wa 2019 haukuona faida yoyote.

Ombeni bei kwa maandishi, na muulize mambo haya kabla ya kulipa kianzio. Sindano zimo au mnanunua pembeni? Dawa ya usingizi je? Kugandisha viinitete vinavyobaki ni kiasi gani kwa mwaka, na kukirudisha kimoja baadaye ni kiasi gani? Mzunguko ukisimamishwa kabla mayai hayajavunwa, mnarudishiwa nini? Na kwa wanawake wa umri wako, kituo hicho kimepata watoto wangapi waliozaliwa hai, si vipimo vya mimba vilivyosoma chanya tu? Wasipotaka kuandika majibu, msiache fedha zenu hapo.