Geji mpya ya mafuta ya boti, na fundi aliyeniambia nisome kinyume

Nianze na maneno ya kwenye simu, maana ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Fundi kaniuliza, "Kwani mzee wangu, geji haisomi?" Nikamwambia inasoma. "Sasa tatizo nini?" Nikamweleza: tangi likijaa mshale unalala kwenye tupu, tangi likikauka mshale unasimama kwenye kujaa. Akanyamaza kidogo, halafu bila hata chembe ya haya akasema, "Basi na wewe soma kinyume."

Wakati huo nilikuwa majini, upande wa nje ya kisiwa cha Toten, mashine imezima, maji yanatoka. Na yalikuwa ya bamvua, yale yanayojaa na kutoka kwa nguvu, wanaoijua ghuba ya Tanga wataelewa nilivyokuwa nachukuliwa.

Boti yenyewe ni ya faiba, ya mtumba. Geji zake za zamani zilikuwa zimechoka: vioo vimejaa ukungu kwa ndani, ya betri imelala kama mgonjwa, ya mizunguko ya injini inacheza ngoma yake yenyewe. Nikaamua nibadilishe zote mara moja, niweke na kipima kina. Watu wa Deep Sea, pale soko la samaki, wakanielekeza kwa fundi mmoja wa Ngamiani. Siku tatu alizoahidi zikazaa wiki tatu, lakini hilo sihesabu, fundi ni fundi.

Na kazi ya waya, nisimdhulumu, ni nzuri. Alikuta waya za nyumbani, zile za kuwashia taa za sebuleni, zimeota ukijani hadi ndani ya ngozi. Akazing'oa zote, akapitisha waya zilizopakwa bati, kila kifaa na fyuzi yake, viungo vyote amevifunika, chumvi haipati pa kuingilia. Kipima kina kinasoma vizuri kabisa. Siku ya kukabidhiana tangi lilikuwa nusu, geji ikaonyesha nusu. Nikampa mkono wa heri.

Hiyo nusu ndiyo iliyonimaliza.

Safari ya kwanza nilitoka Raskazone kwenda upande wa kisiwa cha Ulenge. Njiani namwona mshale unapanda. Naenda, unapanda. Nikajiambia ni mawimbi yanasukasuka mafuta, nikirudi utatulia. Mtu mzima na mvi zangu nimekaa kwenye usukani naangalia petroli inaongezeka baharini, na nafsi yangu imeridhika! Mashine ilipokohoa na kuzima, mshale ulikuwa umegota juu kabisa.

Walionivuta ni vijana wa ngalawa waliokuwa wanarudi Sahare. "Shikamoo mzee, mashine imekufa?" Marahaba, mafuta yameisha. Mmoja akachungulia kwenye dashibodi yangu mpya inayong'aa. "Mbona geji imejaa?" Sikuwa na jibu. Boti ya mamilioni imevutwa hadi pwani na tanga la viraka, mwendo wa kinyonga, huku wanacheka kwa heshima, ile ya kugeuza uso pembeni.

Sababu niliijua baadaye, nilipoazima mita kwa jirani anayetengeneza redio. Ndani ya tangi kuna kifimbo chenye boya, na boya likipanda au kushuka, ukinzani wa umeme unabadilika. Vya mtindo wa Kimarekani vinatoa omu (ndicho kipimo cha ukinzani) 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa. Vya Ulaya vinatoa 10 likiwa tupu na 180 likijaa. Kifimbo changu cha zamani ni cha Kimarekani, geji aliyoninunulia ni ya Ulaya. Katikati namba zao zinakaribiana, ndiyo maana nusu ilisoma nusu. Kipimo cha dakika mbili, kabla ya kufunga geji, kingemwonyesha. Mita anayo, nimeiona kwa macho yangu, alikuwa ameiwekea chai juu.

Kifimbo cha kulingana na geji nimeagiza mwenyewe Dar, matundu matano ya skrubu yamekaa palepale pa zamani, na sasa mshale unasema kweli. Ingawa ufito wa kupimia tangi bado nautembeza botini.

Nilitaka kumpa nyota moja. Nilipoandika habari za waya nikaona ni haki apate tatu, maana kweli hapa mjini sijaona aliyefunga waya za boti namna ile. Lakini kila nikifika kwenye "soma kinyume" damu inachemka upya. Kukosea kifaa ni ubinadamu. Mtu anakupigia simu yuko majini anapelekwa na mkondo, humuulizi hata yuko salama? Nyota moja. Na hiyo moja ni ya waya.

Juzi kanitumia ujumbe anadai elfu hamsini yake iliyobaki. Nikamjibu nimeshamlipa, asome kinyume. Hajarudisha neno. Na jana jioni taa ya kijani ya ubavu wa kulia imekataa kuwaka, na zile waya anazijua yeye tu.