Jibini ya kupaka kwa wageni: ipi ubebe, ipi uiache dukani

Jumapili ile nilikuwa na wageni kumi na mmoja sebuleni, wote upande wa mume wangu, na katikati ya meza nimeweka fahari yangu: donge la jibini ukubwa wa embe dodo, limevingirishwa kwenye giligilani na mrehani, limezungukwa na biskuti za chumvi na vipande vya mkate wa ufuta. Lilikaa mezani saa kumi kamili. Saa kumi na nusu shangazi yake mume wangu akanyoosha shingo, akaitazama sahani, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii ni supu ya nini?"

Wala hakuwa anatania. Maji meupe yalikuwa yameijaa sahani, majani yanaelea, biskuti zimelowa kiasi kwamba ukiinyanyua moja inakatikia mkononi, na donge lenyewe limelala ubavu kama ngalawa maji yakishatoka. Mapishi ni yale yale ninayofanya siku zote. Kilichobadilika ni kopo la jibini tu.

Kwa hiyo leo sizungumzii ladha. Ladha utaitia mwenyewe: punje moja ya kitunguu saumu iliyotwangwa, majani, pilipili manga, ganda la ndimu lililokwaruzwa. Habari ya kunenepa pia sitaki kuisikia, anayeogopa mafuta ale tango. Ninachouliza mimi ni kimoja: jibini hii itatoa maji ikikaa nusu saa kwenye joto letu la Dar?

Jibini ya krimu, hiyo hiyo ninayofanyia donge, ni maziwa na krimu vilivyogandishwa kwa uchachu, maji yakabaki yameshikwa ndani ya wavu wa protini na mafuta. Ukitia chumvi, chumvi inavuta maji nje. Ukitia majani mabichi, nayo yana maji yake. Jibini nzima inayavumilia yote hayo. Jibini iliyowahi kuingia kwenye friza haivumilii, maana barafu inaukata ule wavu, na ikiyeyuka maji hayana tena wa kuyashika. Kinachobaki ni chenga chenga, kama unga uliolowa ukakaukiana. Hata ukiirudisha kwenye friji wiki nzima haitengemai.

Na ndicho kilichonipata. Nilipolichunguza kopo la pili la duka lile lile (nilinunua mawili, mjinga mimi), nilikuta upande mmoja wa jibini umeachana na ukuta wa kopo, na pale penye mwanya pamejaa maji ya rangi ya limau. Nikapaka kidogo kwenye kucha: mchanga.

Basi ukiwa dukani, kabla hujatazama bei, geuza kopo kichwa chini, hesabu mpaka kumi, kisha litikise karibu na sikio. Matone mawili matatu juu ya jibini si kosa. Ukisikia kitu kinacheza ndani, rudisha. Kama ni ile ya mche iliyofungwa kwa karatasi ya fedha, ibonyeze kwa kidole gumba mwanzo, katikati na mwisho. Inatakiwa iwe na ugumu mmoja. Angalia na boksi la nje: likiwa limenyauka na kukunjamana kama lililolowa likakauka, ujue limetoka kwenye barafu. Halafu soma maandishi madogo. Gundi za kula zitokazo kwenye mbegu, ya karuba (namba yake E410) au ya guar (E412), ndizo zinazosaidia kushika maji. Wapo wanaozikimbia. Mimi nazitafuta kwa tochi ya simu.

Ya kwanza kwangu ni Philadelphia ya mche. Nasema waziwazi kwamba naipendelea, na hakuna aliyenilipa hata mia. Nasisitiza mche, si kopo. Ya kopo imelainishwa ili ipakike kwenye mkate asubuhi, kwa hiyo donge lake halisimami vizuri. Ile ya mche unaikata kwa kisu kama siagi, unaiacha ilainike dakika ishirini, unaikoroga na majani, unaifunga kwenye nailoni na kuilaza kwenye friji hadi kesho, na inatoka na umbo uliloipa. Jina lisikudanganye, haikuanzia mji wa Philadelphia. Ilianzia jimbo la New York, kwa muuza maziwa aitwaye William Lawrence, na hilo jina la mji ilipewa mwaka 1880 kwa sababu Philadelphia ilisifika kwa maziwa mazuri. Yaani hata wakati ule jina zuri lilikuwa linauza. Kwa sheria ya Marekani jibini ya krimu lazima iwe na mafuta asilimia 33 au zaidi, na maji yasizidi asilimia 55. Ila mzigo unaotufikia si lazima uwe umetengenezwa huko, kwa hiyo tazama pembeni mafuta kwa kila gramu 100. Mimi chini ya 20 sibebi. Zilizopunguzwa mafuta sahau kabisa, pale mafuta yalipotolewa ndipo maji yalipokaa.

Ya pili ni Kiri, vile vimraba vya kampuni ya Kifaransa ya Bel, hao hao wenye jibini ya nembo ya ng'ombe anayecheka. Haitoi maji, ni laini, ina utamu fulani unaopatana sana na mnanaa. Tabu yake ni kufungua vimraba kumi na viwili kimoja kimoja, na kuna siku utasahau kipande cha karatasi ya fedha ndani. Mgeni wangu mmoja alikitafuna, akakitoa mdomoni, akakiweka pembeni mwa sahani bila kusema neno. Mtu mwenye adabu zake.

Ya tatu Puck, ya kampuni ya Arla ya Denmark, ile ya chupa ambayo ndugu zetu wa Maskati hawasafiri bila kuiweka kwenye sanduku. Hii nayo maji haitoi, lakini donge haifanyi, ni ya kuchovya tu: itie kwenye bakuli, zungushia karoti na matango. Ina chumvi ya kutosha, usiongeze hata chembe. Chupa utawekea bizari.

Boursin, iliyoanzia Normandy mwaka 1957, ndiyo mama wa kitafunwa hiki, inakuja na saumu na majani yake tayari. Inasimama vizuri. Lakini pakiti ni gramu 150, na kwa wageni kumi na mmoja huko ni kuwalambisha, si kuwakaribisha. Inunue mkiwa wawili na mmepatana.

Feta imezaliwa ndani ya maji ya chumvi, siihitaji kwenye hadithi hii. Jibini za pembetatu ni za watoto wa shule. Mtindi uliochujwa kwenye kitambaa usiku kucha ni rahisi na mtamu kweli, ila usipokamuliwa vizuri ni supu ile ile ya shangazi.

Hata ukinunua nzuri, majani yaoshe mapema, yapangusie taulo, yaache yakauke kabisa kabla hujayakata. Ndimu tumia ganda, maji yake yaache kwenye samaki. Na usitoe donge lote mara moja: toa nusu, nusu ibaki kwenye friji.

Sasa wauzaji. Najua umeme unakatika, najua mzigo ni ghali, na najua jibini ikikaribia tarehe roho inawauma. Lakini kuichukua na kuitupa kwenye friza karibu na samaki, kisha kuiyeyusha na kuirudisha rafu ya friji kwa bei ile ile, huo ni wizi. Na ile stika ya bei, kwa nini kopo lina nafasi kote kote lakini stika inabandikwa juu ya tarehe? Mimi siku hizi naibandua palepale dukani, kwa kucha, mbele ya watu. Elfu kumi na nne nilitoa kwa kila kopo. Fedha hiyo ni kuku mzima.

Kopo la pili nililirudisha. Nikalitikisa mbele ya kijana wa kaunta ili asikie mwenyewe. Akasikiliza vizuri, akalitikisa na yeye, akanirudishia.

"Dada, hiyo ndo freshi. Bado ina maziwa yake."

Nililipeleka nyumbani, likaishia kwenye makaroni.