Kichujio cha kaviti tatu kwa transmita ya FM ya wati 500: kinafaa, ila si kwa kila mnara

Mwanza ni mji wa vilima vya mawe, na minara ya FM hupenda vilima. Vituo viwili vikisogeleana juu huko, uwanja wa ndege uko pale chini Ilemela kando ya ziwa. Kwa hali hiyo kifaa hiki, yaani vyumba vitatu vya chuma (kaviti) vinavyopitisha masafa yako na kukata mengine, kinastahili bei yake.

Kazi yake ni hii. Mawimbi ya jirani huingia kwenye antena yako, hushuka na kebo hadi kwenye transista za mwisho, hujichanganya na yako, na mchanganyiko hurudi juu kurushwa. Hesabu yake: masafa yako mara mbili, toa ya jirani. Wewe ukiwa 104.3 naye 98.5, hutokea MHz 110.1, ambayo ni chaneli ya lokalaiza, redio ya uwanja wa ndege inayoongoza ndege kutua. Lokalaiza hukaa kati ya MHz 108.10 na 111.95, na humwonyesha rubani mstari wa katikati ya njia ya kutua kwa kulinganisha milio ya Hz 90 na 150. Ikivurugwa, mshale huyumba au kibendera cha onyo hujitokeza.

Sasa angalia: 98.5 na 110.1 ziko mbali sawasawa na 104.3, yaani MHz 5.8 kila upande. Kichujio kikikata desibeli 35 hapo, jirani hupungua 35 akishuka na taka, yaani ule mchanganyiko, hupungua 35 ikipanda. Jumla 70! Dai cheti cha vipimo chenye hiyo 35 kabla ya kulipa. Kile kichujio rahisi cha kukata harmoniki (mawimbi ya masafa yako mara mbili, mara tatu na kuendelea) hakisaidii, 110.1 hupita humo bila kuguswa.

Upotevu wa desibeli 0.5 huacha wati 446 kati ya 500. 54 zilizobaki ni joto. Kipe hewa, kisikae juu ya transmita. Joto hupanua alumini na kuhamisha masafa, kwa hiyo chenye fimbo za kurekebishia za inva, aloi isiyopanuka sana kwa joto, ni bora zaidi.

Kukirekebisha, funga dami lodi (mzigo wa kupimia badala ya antena) kwenye tokeo na NanoVNA, kipimo kidogo cha mawimbi yanayorudi, kwenye ingizo. Zungusha fimbo kidogo kidogo mpaka mrejesho kwenye 104.3 uwe chini kwa desibeli 20 au zaidi. Kaza nati, kisha pima tena, maana kukaza kwenyewe husogeza fimbo.

Ukitafuta taka kwa spektra analaiza (kipimo kinachoonyesha nguvu ya kila masafa), ongeza atenyueta, yaani kipunguza mawimbi, ya desibeli 10 kwenye ingizo lake. Taka ya kweli itashuka 10. Iliyozaliwa ndani ya analaiza itashuka kama 30.

Kinaposhindwa: wewe ukiwa 107.6 na jirani 107.1, huzaliwa 108.1, MHz 0.5 tu pembeni, karibu mno kukatwa. Hapo badilisha masafa au hamisha mnara. Wala hakizuii mawimbi safi yenye nguvu kuchanganyikana ndani ya kipokezi cha ndege. Huko tiba ni kipokezi chenye kinga dhidi ya FM, ambayo ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inaitaka tangu 1998.