Samaki wa kupaka Malindi, na Kwaresima yangu

Jamani nimekula hapa Ijumaa iliyopita, kibanda cha mama mmoja Malindi, njia ya kwenda kwa nguzo ya Vasco da Gama, na niko kwenye Kwaresima, sisi Wakatoliki Ijumaa hatuli nyama basi nikajiambia ntachukua samaki tu nirudi zangu kazini. Shida inaanza pale mlangoni. Mishkaki iko kwenye makaa, mafuta yanadondoka, moshi unakupiga usoni, na mimi tangu Jumatano ya Majivu nimejikaza kwelikweli. Paulo aliwaandikia Wagalatia sura 6 na humo akasema mwili na Roho vinapingana, naona angepita hapa saa saba mchana angeongeza ya 7.

Nikaagiza changu wa kupaka na wali wa nazi. Sasa huyo samaki... kachomwa kwanza, kisha akapakwa tui zito lenye ukwaju na pilipili, akarudishwa motoni mpaka mapezi yakaungua kidogo, ukimgusa na kidole anaachia mwiba mwenyewe. Nyama sikula, sawa, ila nililamba vidole mpaka nikaona haya, sasa hiyo ni kufunga ama ni kumzunguka Mungu? Mama akacheka, "Nikuongeze wali mwanangu?" Nikaongezwa.

Kasoro zipo, nilingoja dakika 40, maji ya kunawa yaliisha na chenji nikadai mara mbili. Nyota 4. Pasaka ntarudi, ile mishkaki tuna kesi.