Uzoefu wangu na Celldweller, albamu ya 2003, nimeisikilizia hapa Mtwara

Wakuu, kama ulishawahi kushinda kwenye vibanda vya gemu, Celldweller ushamsikia hata kama jina hulijui, maana ana ngoma ndani ya gemu la magari la Need for Speed Most Wanted lile la 2005, na mi ndo nilimjulia humo humo. Ni mtu mmoja tu, Mmarekani anaitwa Klayton, anaimba, anapiga gitaa, biti anatengeneza mwenyewe. Miaka ya 90 alikuwa na bendi ya Circle of Dust, muziki wa indastrio, yaani magitaa mazito na makelele ya mashine, sasa huku kwenye Celldweller akachukua uzito ule ule akaupandisha juu ya biti za dram en besi (drum and bass), muziki wa kompyuta wenye ngoma zinazokimbia na besi nzito.

Albamu yenyewe inaitwa Celldweller hivyo hivyo, nimeinunua nikaishusha usiku kwa bando la usiku. Kwenye spika ya simu msijisumbue kabisa, besi yote inapotea unabaki na kelele za juu tu. Hedifoni ndo utamu unaanza, kuna sehemu biti inakatika ghafla anabaki ananong'ona sikio moja, halafu gitaa na ngoma vinarudi kwa pamoja aisee mwili unasisimka. Ila mahali pake ni sabufa. Nilivyofungua chumbani kwangu Chuno vioo vya kabati vilianza kulia, na bado kila kitu kinasikika, huku ngoma ya snea inapiga haraka haraka huku besi inatembea taratibu chini yake.

Bwa'mdogo wangu ni mtu wa singeli, kaingia kanikuta, kasimama mlangoni anatikisa kichwa, akasema "kaka hii inakimbia lakini nzito." Kaelewa fasta kuliko rafiki zangu wa bongofleva, na ndo maana nawaambia watu wa singeli msiogope huu muziki, dram en besi inaenda kama mapigo 170 hadi 180 kwa dakika, nyie mshazoea 200 na zaidi, kwa hiyo spidi siyo shida, kitakachowashtua ni yale magitaa na sauti inayokwaruzwa makusudi.

Kisichonifurahisha ni urefu, kuna vipande vifupi vya kuunganisha ambavyo mi naviruka, na ukisikiliza mfululizo masikio yanachoka kwa sababu hakuna pa kupumzikia. Albamu yake nyingine, Wish Upon a Blackstar, iliyokamilika 2012, imesafishwa zaidi, nzuri, lakini ule ukali wa 2003 mi ndo naupenda, naipa 9 kwa 10.

Halafu kwenye sabufa msiongeze besi, ipunguzeni kidogo, jamaa kashaiweka ya kutosha na ukizidisha gitaa linazama.