Kanisa la Kilpeck, Uingereza: zunguka nje kwanza kabla hujaingia

Nyota tano. Wapenzi wa majengo ya kale mlioko Uingereza, kama hamjafika Kilpeck, pangeni safari. Ni kijiji kidogo kusini-magharibi mwa Hereford, karibu na mpaka wa Wales. Kanisa lake la parokia, la Mtakatifu Maria na Mtakatifu Daudi, lilijengwa mnamo mwaka 1140, na waumini bado wanasali humo.

Kanisa lenyewe ni dogo, na wageni wengi huingia moja kwa moja, wakapiga picha, wakaondoka. Wanakosa uhondo, maana utajiri wote uko nje. Chini ya ukingo wa paa, kuzunguka jengo zima, kuna mawe yaliyochongwa sura mbalimbali, na 85 yamebaki mpaka leo: kondoo dume, ndege, mpiga zeze, mazimwi ya kila namna. Mbwa na sungura wamekaa bega kwa bega, macho yamewatoka, kama watoto wanaosubiri hadithi. Pia yupo mwanamke aliye uchi anayepanua tupu yake kwa mikono miwili. Wengine wanasema ni onyo dhidi ya zinaa, wengine kinga ya kufukuza mabaya. Mimi nilifurahi tu kwamba hakuna aliyemng'oa.

Mlango wa kusini ndio ulionishika zaidi. Juu yake kuna mti wa uzima; kwenye nguzo za kando nyoka wanaviringishana, na upande wa kushoto wapiganaji wawili waliovaa suruali wamezongwa na matawi. Jiwe ni la mchanga, jekundu, na baada ya karibu miaka 900 ya mvua za huko unaweza kufuata mikunjo ya nguo zao kwa jicho.

Ndani ni kimya na pana mwanga hafifu. Tazama tao la kuingilia madhabahuni: kila upande watakatifu watatu wamesimama mmoja juu ya mwingine. Nyuma ya kanisa, upande wa magharibi, kuna kilima cha ngome ya zamani na mabaki ya kuta zake. Pandeni kama miguu inaruhusu.

Hakuna kiingilio, ila wekeni chochote kwenye sanduku la sadaka, kwa sababu kutunza mawe ya namna hii ni gharama. Chukueni darubini, kwani sura nyingi ziko juu. Na mkiweza, nendeni mchana wa siku ya jua, mwanga ukiwa upande wa kusini. Nakshi za mlango hutokeza vizuri zaidi.