Uzoefu wangu: mwaka mzima na kijarida cha bure cha Cromer

Naishi Cromer, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Norfolk, Uingereza. Wakazi wake hawafiki elfu nane, na ukitembea ufukweni asubuhi utadhani mbwa ndio wengi zaidi. Kazi yangu ni kutunza wazee. Habari za kazi na baridi nitaziacha. Leo nataka kukisifu kijarida, na kukilaumu kidogo, na mwisho nikipe nyota kati ya tano.

Kinakuja mara moja kwa mwezi. Mtu anakisukuma kwenye tundu la barua, kinaanguka mkekani juu ya vipeperushi vya piza. Hakiuzwi, matangazo ya mafundi bomba na wakata nyasi ndiyo yanayokilipia. Vijarida na magazeti ya mji huu ni zaidi ya kimoja, na hiki sikitaji jina kwa sababu wanaokitengeneza ni wastaafu wanaojitolea, na baadhi yao nakutana nao dukani.

Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa nakitupa. Kurasa zimejaa majina nisiyoyajua, picha ya mzee ameshika boga, barua ya mtu aliyekasirishwa na maegesho. Aliyenifungua macho ni bibi ninayemhudumia. Siku moja nimeingia kwake nikamkuta kakifungua mezani, kalamu nyekundu mkononi, anazungushia duara. Husoma kuanzia nyuma, kwenye vifo. "Nikishajua nani kaondoka," akaniambia, "ndipo najua nani atahitaji mwenzake wa kwenda naye kwenye kahawa." Hapo nikaanza kukisoma.

Kitu cha kwanza nilichokipenda ni kidogo sana: jedwali la maji kujaa na kupwa. Mimi ni mtoto wa Tanga, hilo halihitaji maelezo. Nilipoliona nilihisi kama nimekutana na mtu wa kwetu kwenye kituo cha basi. Na hapa pia lina kazi. Kutoka Cromer unaweza kutembea ufukweni hadi kijiji cha Overstrand, upande mmoja bahari, upande mwingine jabali la udongo linalobomoka kila mwaka. Maji yakijaa hakuna pa kupita.

Nikaangalia saa, nikapiga hesabu zangu, nikaenda. Nilirudi mbio, sketi imelowa hadi magotini, viatu mkononi, na bwana mmoja mwenye mbwa wawili akinitazama kwa huruma. Kumbe chini ya jedwali, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, wameandika kwamba saa zile ni za majira ya baridi, na kiangazi uongeze saa moja. Mimi nilikwenda Juni. Nilipomsimulia bibi alicheka hadi nikampa maji. Nyota ya kwanza niliyowakata ni hiyo.

Ya pili nusura niikate kwa sababu ya lugha. Sisemi Kiingereza chao ni kigumu. Kijarida kinaandikwa na watu wanaojuana, kwa ajili ya watu wanaojuana. Tangazo linasema: "Kahawa ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mahali pa kawaida." Pa kawaida kwa nani? Nimezunguka mji mzima, na mji wenyewe ni mdogo, nikachungulia kumbi mbili na mkahawa mmoja. Mwisho nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anafagia mlango wa kanisa. Akanishangaa kama nimemuuliza jua linachomoza wapi. Ilikuwa mlango wa pembeni, hatua kumi kutoka nilipokuwa nimesimama.

Halafu kuna vifupisho, herufi tatu au nne kila mstari. Ile ya RNLI niliijua mapema kwa sababu hapa huwezi kuikwepa: ni shirika la boti za uokoaji, lilianzishwa 1824, linaendeshwa kwa michango, na wengi wa wanaotoka na boti ni watu wa kujitolea. Fundi au mwenye duka, kifaa chake kikilia anaacha kila kitu anakimbia gatini. Vifupisho vingine hadi leo nabahatisha.

Ila hiyo kahawa ya Alhamisi niisimulie, maana michango yake inakwenda kwenye boti hizo.

Unaingia ukumbini, joto linakupiga usoni. Meza ndogo zimetandikwa vitambaa vya plastiki vya maua. Mwanamke wa mlangoni ana bati la biskuti la zamani, ndani sarafu. Nikampa pauni moja, nikamwambia hii ni kwa ajili ya boti. Kabla sijamaliza sentensi kachana tiketi tano za rangi ya waridi kanitia kiganjani: bahati nasibu. Mimi Mwislamu, nikajaribu kumweleza kwamba nilikusudia sadaka tu. Akanipigapiga mkono: "Ndiyo, mpenzi, yote yanakwenda kwenye boti." Nikakaa. Chai ikaja na maziwa ndani, sikuulizwa. Keki zilikuwa nzuri, lakini kwenye sandwichi ulizeni, nyama ya nguruwe inajificha hata kwenye mkate uliokatwa kwa adabu. Mwisho wakaanza kusoma namba, na wa tatu kuitwa nikawa mimi. Zawadi: chupa ya mvinyo. Ukumbi mzima unanipigia makofi, nami nimesimama na mtandio wangu na chupa, sijui niishike vipi. Nikampelekea bibi. Tangu siku hiyo kila Alhamisi ananikumbusha nisisahau kwenda.

Kwa yule mtu mpya mjini, kahawa hiyo inashinda semina yoyote ya kuzoea maisha ya Uingereza. Wiki ya pili nilishajua daktari wa meno yupi anapokea watu wapya, nani anauza baiskeli, na kwa nini mzee wa kona hasemezani na mdogo wake. La mwisho nimelisikia kwa sauti ya chini, midomo haichezi.

Nirudi kwenye kijarida. Kurasa zake bora ni zile za gati na boti. Gati la Cromer lilifunguliwa 1901, mwisho wake kuna ukumbi wa maonyesho, na nyuma ya ukumbi, huko baharini kabisa, ndiko banda la boti ya uokoaji. Novemba 1993 tishari la kazi za ujenzi lilikatika kamba kwenye dhoruba likapita katikati ya gati, likaliacha vipande viwili, ukumbi na banda vimebaki upande wa bahari. Desemba 2013 bahari ikalipiga tena. Kila mara wamelitengeneza. Wazee wanaandika kumbukumbu zao za usiku huo wa 1993 kwenye kijarida, na kila mmoja anadai yeye ndiye aliyesikia kishindo wa kwanza.

Na yupo Henry Blogg. Usiishi hapa bila kumjua. Alikuwa mvuvi wa kaa, kiangazi akikodisha viti ufukweni, na nahodha wa boti ya uokoaji tangu 1909 hadi 1947. Utumishi wake wote kwenye boti ni miaka 53. Medali za dhahabu 3, za fedha 4, hakuna mwokoaji wa shirika hilo aliyepata nishani kumzidi. Wanasema hakujua kuogelea. Nilipoisoma hiyo nilimkumbuka babu yangu mzaa mama, naye alivua miaka arobaini na maji yakimfika kifuani anaanza kusoma Ayatul Kursi. Makumbusho yenye jina la Blogg yako karibu na gati, kuingia bure, na moja ya boti zake imo ndani. Mkija Cromer kwa siku moja, anzieni hapo. Kutoka jiji la Norwich ni kama dakika 45 kwa treni.

Matukio ya kiangazi kijarida kinayapanga vizuri. Mei kuna tamasha la kaa na kambakoche, pamoja na majirani zetu wa Sheringham. Agosti kuna wiki ya kanivali, na maandamano yake makubwa huwa Jumatano. Sijui nani aliona Jumatano inafaa, ila siku hiyo usitarajie kupita na gari katikati ya mji. Watu wazima wenye heshima zao, ambao wiki nzima wanakusalimia kwa kuinamisha kichwa tu, unawakuta juu ya tela wamevaa nguo za maharamia na kupakwa rangi. Mtu wa benki yangu alikuwa pweza.

Kuhusu kaa, nina la kusema. Hapa huwavua kwa madema, na boti ndogo huvutwa na trekta kutoka majini kwa sababu hakuna bandari. Watoto nao hukaa gatini na mshipi, chambo cha kipande cha nyama, na ndoo ya maji, wakiwatoa kaa wadogo wadogo na baadaye kuwarudisha baharini. Raha tupu. Lakini kula! Wanamchemsha, wanamchambua, wanamrudisha kwenye gamba lake, wanamla baridi na ndimu na mkate wa siagi. Nyama tamu, sikatai, kaa wa Cromer ana sifa nchi nzima na anastahili. Ila kila nikimtazama kwenye lile gamba naona nazi iliyokosekana. Wahariri wana ukurasa wa mapishi na kwa mwaka mzima wamechapisha mapishi ya kaa mara nne, na yote manne ni lile lile.

Toleo la masika lilinipa kitu nisichokitarajia. Kanisa la mji lina mnara mrefu kuliko wa kanisa lolote la parokia Norfolk, karibu mita 49, na juu yake wanazaliana kozi. Ndiyo, kozi yule yule wa methali zetu. Kijarida kinatoa taarifa zao kama za uzazi wa kifalme: mayai mangapi, vifaranga wangapi, nani karuka. Chini ya mnara watu wa kujitolea wanaweka darubini, unaangalia bila kulipa. Nimemwona jike anarudi na njiwa kwenye kucha, akimnyonyoa juu yetu, manyoya yanatuangukia mabegani, na mzee mmoja anayafuta kwenye koti lake bila kuacha kuzungumza.

Baridi kurasa zinapungua, na matukio pia. Novemba na Januari ni miezi ya kukata tamaa: orodha nzima ni mazoezi ya viungo vya wazee na mkutano wa halmashauri kuhusu vyoo. Katikati yake kuna tarehe 26 Desemba, siku watu wanapojitupa baharini kwa ajili ya michango. Nilikwenda kutazama tu, na nguo nne mwilini. Mwanamke wa rika la mama yangu alipita mbele yangu na kofia ya Krismasi na nguo ya kuogelea, akaingia, akapiga ukelele ambao naamini ulifika Denmark, akatoka anacheka.

Makosa mengine niyaseme harakaharaka. Toleo la Machi lilinifikia tarehe 9, matukio matatu yameshapita. Mtaa wa nyuma yetu hawakipati kabisa, mgawaji wao aliumia goti na hakuna aliyechukua zamu. Hakuna hata mstari kuhusu sisi tuliokuja kutoka mbali, ingawa nusu ya nyumba za wazee hapa tumo sisi, Wahindi, Wafilipino na Wanaijeria. Idi naisoma kwenye simu na kuiswalia Norwich. Sidhani ni ubaya. Ni kwamba kinachapisha kinacholetwa, na sisi hatukuwa tumeleta kitu.

Basi nikaleta. Nilijitolea kupika kwa ajili ya kahawa ya Alhamisi ya Mei, nikaandika tangazo la mistari mitatu kwa Kiingereza: maandazi ya iliki kutoka Tanga na chai ya tangawizi, mapato yote kwenye boti. Nikaliandika neno "mandazi" waziwazi. Kompyuta ya mhariri haikulitambua, ikalirekebisha kuwa "mandarins". Likatoka kwamba kutakuwa na machenza.

Watu wakaja. Wengi kuliko kawaida. Mzee wa kwanza alitazama sinia langu, akatazama chini ya meza, akaniuliza kwa upole matunda yako wapi. Nikampa andazi la moto. Akala moja, akachukua la pili, akalifunga kwenye kitambaa cha karatasi akalitia mfukoni "kwa mke wangu", na nusu saa baadaye akarudi kuchukua la mke wake, maana lile alikuwa ameshalila njiani. Andazi la mwisho liliisha saa tano kasorobo.

Nyota nne kati ya tano. Toleo la Juni limechapisha sahihisho ukurasa wa mwisho, chini ya glavu iliyopotea: yalikuwa maandazi, si machenza, na yatapikwa tena Alhamisi ya kwanza ya Julai, saa nne. Tangazo nimeliandika mimi mwenyewe. Nimelisoma jana kwenye basi na kuona nilivyomalizia: mahali pa kawaida.